Hodhi la Bi Malak

Hodhi lilikuwa na maji kabla halijaungwa bomba.

Fakhria aliyaona asubuhi, alipoingia kulitazama kwa mara ya nne tangu alfajiri, maana kitu kipya nyumbani hakimwachi mtu akatulia. Mafundi walikuwa wameliteremsha jana yake. Lilikaa katikati ya bafu juu ya matofali manne, jeupe, refu, zito la kuwatoa jasho wanaume watano, na tundu lake la kutolea maji lilikuwa wazi, halina kizibo. Chini ya tundu sakafu ilikuwa kavu. Ndani ya hodhi mlikuwa na maji ya kina cha vidole vitatu, yametulia tuli.

Akatazama dari: kavu. Akapiga magoti, akaingiza kidole tunduni kutokea chini, kikachomoza juu ndani ya maji, na maji hayakushuka hata tone. Alipokitoa kilikuwa baridi, kina harufu ya majani yaliyopondwa, harufu aliyoijua vizuri lakini hakukumbuka aliinusia wapi. Akajiambia ni mvuke. Mvuke gani huo unaochoteka kwa kopo hakujiuliza; ukipenda, chongo huita kengeza. Akayachota, akapangusa kwa kitambaa, akanyamaza.

Kunyamaza kwake kulikuwa na sababu. Hodhi lile alilipigania miezi miwili. Mama yake, Bi Malak, alikuwa na magoti yaliyogoma. Mwaka wa sita huu aliswali amekaa kwenye kiti, na tangu Ramadhani iliyopita hata kutoka kitandani mpaka barazani ilikuwa safari ya kushikwa mikono miwili. Daktari alisema maji ya moto yangemfaa, akae ndani yake nusu saa kila siku, yamfike kifuani. Baba yake Fakhria alikwishatangulia mbele ya haki. Mama ndiye aliyebaki, na kila alipomsikia akiuma meno kwa kugeuka tu kitandani, Fakhria aliona uchungu kana kwamba yeye ndiye aliyemuumiza. Aliapa mama yake atatembea tena, na atamchelewesha duniani kwa kila njia.

Bi Malak mwenyewe hakutaka kusikia. Watu wa nyumba ile ya Raskazone, tangu mababu zao watoke Omani wakashika mashamba ya Maramba, walioga kwa kuchota na kumimina. Maji yakishapita mwilini yamekwenda zake. "Nikae ndani ya uchafu wangu?" alisema. "Nirowekwe kama makopa ya muhogo?"

Waliobaki wote walikuwa na maoni, kama ilivyo kawaida ya wasiougua. Kaka yake Fakhria, Mazin, aliyeko Maskati, alituma picha kwenye simu za mahodhi yenye miguu ya dhahabu utadhani yanataka kuondoka. Mumewe, Hamed, alipendekeza lenye kutoa povu. Alidai ni kwa faida ya mkwewe, lakini macho yalimsaliti. Fundi bomba Nehemia, Mbondei wa Pongwe, mtu wa maneno machache, aliliita "sinki la kulala", na ndiye peke yake aliyesema la maana.

"Dada Fakhria, usichague kwa rangi," alimwambia. "Mzee ukimweka kwenye sinki refu anateleza, anazama, miguu haina pa kukanyagia. Mpime amekaa, miguu kainyoosha, toka mgongoni mpaka nyayoni. Tafuta la urefu huo."

Ushauri ulikuwa mzuri. Lakini utampimaje mtu aliyekataa? Fakhria alingoja mchana mmoja, saa nane, jua lilipowanyamazisha hata kunguru. Bi Malak alikuwa amelala ubavu wa kulia, ameelekea kibla kama alivyozoea, kiganja chini ya shavu. Utepe wa kupimia nguo haukuonekana. Fakhria akafungua kasha la mama yake, akakuta bafta nyeupe iliyokunjwa, akadhani ni masazo ya foronya, akachana ukanda mwembamba pembeni. Akaunyoosha juu ya mama yake toka utosini mpaka kisiginoni, akizuia pumzi asimwamshe, akaukata kwa mkasi penye kisigino.

Angempima amekaa, pengine leo tungekuwa tunasimulia mengine.

Dukani, Ngamiani, kulikuwa na mahodhi matatu. La kwanza la faiba, jepesi, ukiligonga linalia kama debe, akalikataa. La pili lilikuwa zuri, la rangi ya maziwa, lakini alipoutandaza ukanda ndani yake ncha ilipanda ukutani mwa hodhi. La tatu lilikuwa nyuma kabisa, limeegemezwa chini ya maboksi ya marumaru, la chuma cha zamani kilichopakwa rangi ngumu ya kung'aa. Mwenye duka alisema lilikuwapo tangu hajalirithi duka, na hakuna aliyewahi kuliulizia. Fakhria akatandaza ukanda. Ulilala toka ukingo mpaka ukingo, haukuzidi wala kupungua hata unene wa ukucha. Alifurahi, masikini, akaona ni bahati.

Nehemia alipoliona alikuna kisogo. Akauliza kama mama alipimwa amekaa, na Fakhria, ambaye hakutaka lirudishwe, akajibu ndiyo. Fundi akalitazama tena, akasema mbona ni kama kimo cha mtu aliyelala, kisha akaacha, maana fundi hagombani na mwenye nyumba. Akaomba ule ukanda apangie tofali. Alipomaliza kuupangia aliutupa chini ya hodhi pamoja na kifusi, akazungushia ukuta wa tofali, akapiga saruji, akabandika marumaru. Fakhria alimwona akiutupa na hakuona neno.

Bi Malak alikubali kwa sharti kwamba akitoka amiminiwe maji safi. Siku ya kwanza aliingia akilaumu; nusu saa baadaye alikataa kutoka. Wiki haikuisha akatembea mpaka barazani kwa mkongojo, bila kushikwa. Fakhria alikwenda jikoni, akafunga mlango, akalia kwa furaha.

Wiki ya pili, alasiri moja, alikuja kumtoa mama yake majini akamkuta amekunja uso.

"Pamba hii umenitia masikioni ya nini?" Bi Malak aliuliza. "Nimekuita mara tatu. Hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia."

Fakhria akazitoa. Zilikuwa pamba mbili nyeupe, zimeviringwa vizuri, za ukubwa mmoja, kazi ya mtu aliyezoea kazi hiyo. Nyumbani mle hamkuwa na pamba. Alizitupa dirishani akasema lazima mama alizitia mwenyewe akasahau, uzee una mambo. Lakini vidole vilibaki na baridi mpaka magharibi.

Siku mbili mbele, adhuhuri, Bi Malak akiwa kitandani na Hamed akiwa kazini, Fakhria alisikia maji bafuni. Hayakuwa maji ya bomba. Yalikuwa ya kuchotwa na kumiminwa: mimino mmoja, wa pili, wa tatu, kisha kimya, tena mmoja, wa pili, wa tatu, kisha kimya. Ilisikika ni kata, kifuu kikigusa ukingo wa chuma kila kinapotua, na mle nyumbani kata haikuwapo tangu bibi yake alipofariki. Alisimama ukumbini na sinia mkononi mpaka sauti ilipokoma, na alipopata moyo wa kusukuma mlango alikuta hodhi kavu, ila upande wa kulia wa ukingo ulikuwa umelowa, na ile harufu ya majani imejaa bafu zima, safari hii imechanganyika na kitu kingine kikali cha kupanda puani.

Jioni ile mama yake alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yule mwanamke aliyemwekea wa kumsaidia kuoga ni hodari, lakini hana adabu. Fakhria akauliza mwanamke gani. "Huyo anayeniosha," Bi Malak alisema. "Anaanza kulia, anamaliza kushoto, na hasemi hata bismillahi. Mwambie atie bismillahi." Fakhria alimfunika shuka akatoka.

Siku iliyofuata, alipomsimamisha mama yake kutoka majini, Bi Malak aliyumba akataka kuanguka, kwa kuwa miguu haikuachana. Vidole gumba viwili vya miguu vilikuwa vimefungwa pamoja kwa uzi mweupe, fundo dogo, limekazwa.

Hapo ndipo alipomwambia mumewe. Hamed hakucheka. Aliitwa Shekhe Zubeiri, mwalimu wa madrasa ya mtaani, naye akauliza kwanza kama wakifungua kizibo maji ya moto yakashuka husema bismillahi. Hawakusema. Shekhe akatikisa kichwa. Kila mtoto wa pwani anajua chini ya matundu wanakaa wenyewe wasioonekana, na ukiwamwagia maji ya moto bila taarifa umewaunguzia watoto. Akasoma, akafukiza ubani, akapulizia pembe nne za bafu, akawafundisha la kusema. Siku tatu nyumba ikawa shwari. Fakhria alilala usingizi wa kukoroma.

Siku ya nne, jua likizama, Bi Malak alikuwa majini na Fakhria alikwenda kuleta taulo, si zaidi ya dakika, na aliporudi alimkuta mama yake amelala chali, uso tu ndio uko juu ya maji, taya limefungwa kwa kitambaa cheupe kilichopita chini ya kidevu na kukazwa utosini, macho wazi yakimtazama, na maji yale ya moto aliyoyajaza kwa mkono wake yalikuwa baridi ya kuuma mfupa. Akamdaka kwapani akavuta. Mama yake, mwanamke mwembamba kiasi kile, hakuinuka; alikuwa mzito, si uzito wa mwili bali wa kushikwa, kana kwamba kuna mtu chini yake amemkumbatia kiunoni hana haraka ya kumwachia, na Hamed nje ya mlango akiuliza kuna nini, kuna nini, asithubutu kuingia kwa kuwa mkwe hatazamwi akiwa majini hata dunia ikiwaka moto, na Fakhria akivuta, akisoma alichokumbuka na kurudia alichokwisha kusoma, mguu mmoja ameukandamiza kwenye marumaru, mpaka kitu kikaachia ghafla wakaanguka wote wawili sakafuni. Alikikata kile kitambaa kwa meno. Bi Malak akavuta pumzi ndefu, akasema anasikia baridi, na tangu hapo hakuinuka tena kitandani.

Kulipokucha hodhi lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Hamed akafunga koki kuu ya nyumba. Mchana likawa limejaa vilevile.

Siku hiyo Bi Mwanamkasi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa mwanamke mnene wa Tongoni, mcheshi, muuza visheti, na kwa miaka thelathini ndiye aliyewaosha wanawake wa mtaa ule wakifa. Fakhria alimpa shikamoo mlangoni. Bibi akaitika marahaba, akapiga hatua mbili ukumbini, kisha akasimama. Alivuta hewa puani. Ucheshi ukamtoka.

"Nani kafa humu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, Bi Mwanamkasi. Mama anaumwa tu."

"Huu ni mkunazi na kafuri, mwanangu. Miye harufu hii naijua kuliko ya chakula changu. Humu kaoshwa mtu."

Fakhria akaikumbuka basi ile harufu: alfajiri ya msiba wa bibi yake, nyuma ya pazia. Akaketi chini, akaeleza yote, pamba, uzi, kitambaa. Bi Mwanamkasi alisikiliza bila kumkatiza. Hakuuliza habari za maji ya moto wala bismillahi. Aliuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza: hodhi lenyewe walilichaguaje?

Alipoambiwa, alijishika kichwa.

"Umempima mamako amelala. Kaelekea kibla. Kwa bafta." Alitaja moja moja. "Kipimo cha namna hiyo, Fakhria, hutolewa kwa ajili ya shimo moja tu. Maiti akiwa bado nyumbani, wachimbaji humtuma mtu aje achukue kimo chake wapate kuchimba mwanandani wa kaburi, aingie asibanwe. Na kipimo hicho hakirudi nyumbani. Huzikwa pamoja na mwenyewe, siku hiyohiyo. Sisi waosha twajua kwa nini. Kikibaki juu ya ardhi, yuko wa kukifuata. Mwosha, lakini si mtu. Akishaona kipimo hudhani kaitwa kazini, na hatoki mpaka kazi iishe. Kiko wapi?"

Fakhria akanyoosha kidole kwenye hodhi. Chini, chini ya saruji.

"Basi kishazikwa," Bi Mwanamkasi alisema. "Kabaki mwenyewe."

Akalitaka kasha la mgonjwa. Ile bafta aliifunua, akanusa pindo, akaonyesha mahali ilipochanwa. Haikuwa masazo ya foronya. Ilikuwa sanda ambayo Bi Malak alikuja nayo mwenyewe kutoka Hija, imetiwa maji ya Zamzam, akaiweka akiba ya siku yake. Fakhria alilia mpaka kamasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hakuficha maradhi tu, alimficha hata mgonjwa mwenyewe kwamba anapimwa.

Bi Mwanamkasi hakuwa na muda wa machozi. Aliwaambia la kufanya. Mwosha yule hakubali kufukuzwa kwa kusomewa, maana anajiona yuko kwenye haki yake. Kuna njia moja, ngumu, aliyoachiwa na mama yake na hakuwahi kuitumia. Wahenga walisema mwosha huoshwa. Atawekwa yeye ndani ya kipimo, aoshwe, akafiniwe, azikwe kwa sanda ileile. Lakini kulikuwa na sharti, nalo alilisema mara mbili akimtazama Hamed usoni.

"Wakati sisi tuko kazini, mwenye kipimo asilale. Awe macho, awe anasema. Akisinzia, kipimo kinakuwa na wawili, na sisi kule ndani hatutajua tunamwosha nani."

Kazi ilianza kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri. Nehemia aliitwa kutoka Pongwe. Alivunja ukuta wa tofali akiomba dua zake za kanisani, na wala hakuna aliyemzuia. Ukanda ulitoka chini ya saruji mkavu, mweupe, haukuwa na hata chembe ya vumbi. Fundi akatoka nje. Hamed aliwekewa kiti ukumbini, mbele ya pazia la chumba cha mkwewe, amzungumzishe bila kukoma. Bi Malak, kitandani, aliahidi hatafumba macho. Fakhria alimbusu kichwa, akaingia bafuni, Bi Mwanamkasi akafunga mlango.

Maji ya hodhi yalitolewa yote, mara hii yakakubali. Bi Mwanamkasi akatandaza ukanda chini yake toka ukingo mpaka ukingo. Akasema kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake wa kazi, bila ukali: "Mwosha huoshwa. Umefanya zamu yako. Lala, nami nifanye yangu." Mbali, ukumbini, Hamed alisikika akieleza habari za machungwa ya Maramba, na mama mkwe akijibu kwa sauti nyembamba.

Bi Mwanamkasi akachota, akamimina upande wa kulia. Maji hayakufika chini. Yaligawanyika hewani, yakatambaa juu ya kitu kisichoonekana, yakashuka ubavuni mwake, na kwa mara ya kwanza Fakhria aliona umbo: bega, mkono ulionyooka, nyonga. Alitaka kupiga kelele. Alikuwa ameambiwa akisema neno moja tu kazi itaharibika, akauma ulimi. Bi Mwanamkasi akafunika umbo kwa kanga, kanga ikakaa juu bila kugusa chuma, akamwonyesha Fakhria apitishe mkono chini yake, kama anavyofanyiwa kila maiti wa Kiislamu, kwa upole, bila kumfunua. Akapitisha. Mkono wake ulikutana na ngozi baridi, iliyolegea, akasugua kwa maji ya mkunazi, bega, kifua, tumbo, akishuka, mimino mitatu na kimya, mimino mitatu na kimya, jasho likimtoka na meno yakimgongana kwa pamoja, na kiganja chake kikafika kwenye goti, goti gumu lililovimba, akasita, akainua macho, lakini Bi Mwanamkasi alimkazia uso na kutikisa kichwa, usisimame, usisimame, akaendelea, upande wa kushoto sasa, huku akijaribu kusikia sauti kutoka ukumbini na asisikie ila maji, na chini ya kanga kitu kile kilianza kutetemeka, mtetemeko mdogo mdogo usiokoma, na vidole visivyoonekana vikamgusa kifundo cha mkono, vikamshika, wala si kwa nguvu, vikamwachia.

Wakamimina kafuri. Mtetemeko ukakoma. Wakamvika sanda, wakafunga, ukanda wa kipimo wakauweka ndani. Kilichokuwa mbele yao sasa kilikuwa maiti aliyekafiniwa, mwenye uzito wake, na harufu ilikuwa imekwisha katika nyumba kama dirisha limefunguliwa.

"Amekaa macho?" lilikuwa neno la kwanza la Bi Mwanamkasi alipofungua mlango.

Hamed alisimama kwenye kiti chake. Akasema ndiyo, wamezungumza mpaka mwisho.

Yeye na Nehemia wakaupakia mzigo kwenye pikapu, wakaupeleka shambani Maramba, wakauzika nyuma ya michungwa kabla ya alasiri kutoka. Waliporudi Tanga walimkuta Bi Malak amesimama jikoni. Amesimama peke yake, hana mkongojo, anakaanga samaki. Fakhria alimkumbatia mbele ya watu wote, akacheka na kulia. Mtaa ulijaa. Mazin alipigiwa simu ya video akamwona mama yake akitembea ukumbini huku na huku, akalia naye huko Maskati. Hodhi lilivunjwa, likauzwa chuma chakavu, bafuni kukarudi ndoo.

Siku nne zikapita. Bi Malak alikula vizuri, alilala vizuri, alipanda hata ngazi ya darini. Hamed ndiye aliyekonda. Alikuwa halali, hamalizi sahani yake, na mkwewe akiingia chumba alichomo yeye hutoka. Fakhria alimbana mchana wa siku ya tano, uani, na mumewe akasema, akitazama chini, kwamba alidanganya.

"Alinyamaza," Hamed alisema. "Maji yalipoanza tu. Nikamwita, Mama, Mama, mara tatu, hakuitika. Nilitaka kufungua pazia, Fakhria. Nikaona haya. Nikasema labda kajifunua, labda anavuta tasbihi, nitaingiaje chumbani kwa mkwe wangu? Nikakaa. Halafu mkamaliza, akatoka mwenyewe kwa miguu yake, nikaona kumbe hakuna ubaya."

Fakhria hakumgombeza. Aliinuka akaenda chumbani kwa mama yake. Hofu ilikuwa imemjaa, na ndani ya hofu lilikuwamo jambo la aibu: alitamani asijue. Akiuliza akajibiwa, itabidi aende Maramba na jembe, na ni siku ya tano.

Bi Malak alikuwa sakafuni akipanga nguo za kasha. Alikuwa amechutama, magoti yamekunjika mpaka kifuani kama ya msichana. Hakugeuka.

"Siku ile ulifanya vizuri," alisema kwa upole. "Ulianza kulia, kama inavyotakiwa, wala hukumfunua. Ila maji yalikuwa baridi, Fakhria. Alitetemeka sana. Na alikuwa akikuita."

Kisha akakunjua shuka kubwa la kitandani, akamnyooshea pembe mbili amsaidie kulikunja. Mikono ilikuwa ya mama yake, yenye pete ya mama yake na kovu la kisu cha jikoni. Fakhria akasogea, akazishika zile pembe, wakakunja.